Mama wa Funguo na Joka Kipofu

Wandera alikuwa na donda moja moyoni, nalo halikuwa la mapenzi wala la kazi. Lilikuwa la vitabu. Kwa miaka mingi alikuwa amejaribu kumfanya mtu mmoja tu, Ndindi, akubali kwamba riwaya za majoka, wachawi na falme zisizo kwenye ramani ni vitabu kama vitabu vingine. Miaka hiyo yote Ndindi alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayenyonya pipi njiani.

"Hivyo si vitabu," alikuwa akimwambia. "Hivyo ni katuni zisizo na picha."

Basi hapo Wandera alipandwa na hasira, masikio yakamwaka. Alikuwa mtu mpole kazini, kwenye kiwanda cha biskuti alikopakia maboksi tangu asubuhi, na hata msimamizi alipomfokea alinyamaza akaendelea kupakia. Lakini umguse kitabu chake, uone.

Walikutana kila Jumamosi alasiri huko Gikomba, kwenye karakana ya rafiki yao Muoki. Kuiita karakana ni kuipa heshima. Yalikuwa mabati juu ya nguzo, meza ya kazi, randa, na vumbi la mbao lililoingia mpaka kwenye chai. Hapakuwa na viti. Walikalia kitu chochote ambacho Muoki hajakimaliza, wiki hii kitanda kisicho na chaga, wiki ijayo kabati lililolazwa chali. Mwenye fanicha yake akija kuichukua, mjadala ulikatika, wakainuka, wakatafuta pengine pa kuketi, wakaendelea walipoachia. Chai ililetwa na Khalayi kutoka kibanda cha jirani, naye alikuwa na desturi ya kusema, akiweka vikombe, kwamba hajawahi kuona watu wanaogombana juu ya watu ambao hata hawajazaliwa.

Muoki mwenyewe hakuwa msomaji. Alisema macho yake ni ya kupimia mbao. Lakini masikio yake yalikuwa huru siku nzima, na hakuna riwaya iliyosomwa na hao wawili ambayo hakusimuliwa mwanzo hadi mwisho huku akipiga randa. Kisha alitoa hukumu, huyu alikosea, yule alistahili, mwandishi hapa ametudanganya. Walimwita Jaji.

Ndindi alikuwa karani wa kampuni ya malori. Alizaliwa kwenye nyumba za reli pale Muthurwa, na baba yake, karani wa reli, alipofariki alimwachia mwanawe katoni ya riwaya za Kiingereza za zamani, zile nene zenye herufi ndogo na harufu ya kabati. Ndindi alizisoma zote, akazirudia, akazirudia tena. Moja ndiyo aliyoipenda kupita zote. Jina lake halisi lilikuwa refu na hakuna aliyelijali pale karakana, kwa hiyo wakaiita Mama wa Funguo, kwa sababu ilimhusu mjane mmoja anayetembea na funguo za jumba zima kiunoni, na wanawe watu wazima hawawezi kufungua hata ghala la nafaka bila kumwomba.

Wandera hakuwa ameisoma, jambo ambalo halikumzuia kutoa maoni.

"Watu wanakunywa chai kurasa mia," alisema, "halafu mmoja anapata homa. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe."

"Kwani sisi hapa tunafanya nini?" Muoki aliuliza bila kuinua kichwa.

Chake Wandera kilikuwa Joka Kipofu. Alikiokota miongoni mwa vitabu vilivyomwagwa juu ya gunia, kando ya wauza mitumba, kikiwa kinene kama tofali. Ni habari ya joka lililopofuka kwa uzee, linaloongozwa kuvuka milima na msichana mchunga kondoo aliye kiwete. Joka lina moto, msichana ana macho, na njia nzima hawaelewani. Wandera alikisoma mara nyingi, na kila mara, wanapofika ukingo wa mwisho wa milima, alilia.

"Joka halipo," alisema Ndindi. "Mimi nikilia, nataka nimlilie mtu anayeweza kuwa jirani yangu."

"Na mzungu wa miaka ya zamani mwenye ngazi za mawe ndani ya nyumba, huyo ndiye jirani yako kule Maringo?"

"Ana mama mkali. Maringo tunao."

"Na mimi kule Huruma nina wazee vipofu wenye moto mdomoni, kama hujui."

Waliendelea hivyo mpaka Jumamosi moja Muoki akaiweka randa chini. Alikuwa na oda ya kitanda, mwenye kitanda alikuwa njiani, na hao wawili walikuwa wamekikalia wakipiga kelele.

"Mnanichosha, manze," alisema. "Kila mtu anahukumu kitabu ambacho hajakifungua. Wewe soma chake, yeye asome chako. Kabla ya hapo, sitaki kusikia maoni kwenye kitanda changu."

 Ndindi alikuwa hajawahi kumwazima mtu kitabu hata kimoja cha baba yake. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alikuja nacho, amekifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akamkabidhi Wandera kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Usikunje kurasa," alimwambia. "Usikisomee karibu na jiko. Na ukifika mwisho, ndipo uje uniambie habari za watu wa kunywa chai."

Wandera aliguswa. Alitaka kuonyesha kwamba anajua thamani ya kitu. Na njia aliyoijua ya kuonyesha heshima kwa kitabu ni ile ile iliyofundishwa kila mtoto wa shule siku ya kwanza ya muhula, yaani kukivika jalada la karatasi. Kiwandani waligawiwa kalenda kubwa kila mwaka, karatasi nzito yenye picha ya mkebe mwekundu wa biskuti, na Wandera hakutupa hata moja. Kila kitabu chake kilivaa kalenda. Joka Kipofu kilikuwa tayari kimevaa. Akamwomba Muoki mkasi na gundi, na pale pale, juu ya mbao za watu, akamvika Mama wa Funguo kalenda ya mwaka uliopita. Alipomaliza aliviweka viwili hivyo kando kando.

"Sasa vimekuwa watoto wa shule moja," alisema Muoki.

Ndindi alitia Joka Kipofu ndani ya mkoba wake bila kukitazama. Wandera alibeba Mama wa Funguo kifuani, akaenda zake Huruma kwa miguu akijiona mtu.

Nyumbani kwa Wandera palikuwa na jambo ambalo hakulitilia maanani. Binti yake mdogo, Nangila, alikuwa akiamka kwa mayowe kwa sababu ya joka. Kosa lilikuwa la mdomo wa baba yake, aliyemsimulia lile joka kipofu kwa mbwembwe zote, na moto akautia chumvi kuliko ulivyo kitabuni. Triza, mkewe, hakufurahi. Na miaka ile, wakati miaka ya tisini imefika katikati, shetani alizungumzwa kila mahali, redioni, sokoni, kwenye foleni ya maji, na kila mtu alikuwa na habari ya jirani wa jirani aliyekutwa na kitu cha ajabu chini ya kitanda. Triza alisali na kundi la akina mama pale mtaani. Alimwuliza mumewe kwa upole mara ya kwanza.

"Baba Nangila, hicho kitabu cha joka kina kazi gani humu ndani?"

"Joka langu halili mtu," alijibu Wandera, akageuka upande wa pili kusoma.

Hilo ndilo jibu alilompa. Angeweza kumwambia kwamba Joka Kipofu hakimo tena nyumbani, kimekwenda Maringo ndani ya mkoba wa Ndindi. Hakuona haja. Alikuwa amekerwa kuulizwa, na mtu aliyekerwa haelezi.

Tena wakati huo alikuwa amekerwa na Mama wa Funguo mwenyewe. Kurasa za mwanzo zilimtesa. Kweli walikunywa chai. Walizungumzia hali ya hewa, mashamba, nani amealikwa wapi. Alisoma akisonya, akihesabu kejeli atakazompa Ndindi. Kisha, hakujua ni wapi hasa, akajikuta amesahau kusonya. Kijana mdogo wa yule mjane alimpenda binti wa msaga nafaka. Mama akakataa. Kijana akasema ataondoka, na mama, bila kupaza sauti, akamfungia ndani ya ghala kama gunia. Na kule mtoni kinu kikaanza kuwaka, upepo ukielekea ghalani. Alhamisi jioni Wandera alimwacha yule mama juu ya ngazi, funguo mkononi, amesimama. Haikuwa imejulikana kama anashuka kufungua au kuhakikisha kufuli imeshika.

Hapo Wandera alikifunga kitabu kwa makusudi. Alitaka kuuweka utamu huo. Kesho, Ijumaa, angetoka kazini, anywe uji, akae, amalize vizuri, na Jumamosi ampe Ndindi haki yake. Alikuwa ameshatunga hata maneno, "Umenishinda, lakini nusu tu." Akakiweka juu ya kabati, kalenda ikitazama juu, akalala.

Ijumaa alirudi, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashika vumbi.

"Triza, kitabu changu?"

Triza alikuwa akichambua mchicha. Aliweka sinia chini kabla ya kujibu, na kwa hilo tu Wandera akajua.

"Leo kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani," alisema. "Pasta alituambia tulete vitu. Nimekipeleka."

"Kupeleka wapi?"

"Vimechomwa, Baba Nangila. Vyote."

Wandera aliketi.  Triza aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, kwamba hakukichukua kwa pupa. Alikifungua kwanza. Alisema mwenyewe moyoni, nikikuta hakina neno, nakirudisha. Akafungua katikati, akasoma kwa Kiingereza chake cha darasa la nane, na neno la kwanza alilolielewa likawa Ibilisi. Mzee mmoja amepiga magoti kwenye matope, anasema anaiuza roho yake ili jumba fulani liungue na kizazi chake chote.

"Huyo ni mzee msaga nafaka," alisema Wandera. "Ana hasira tu. Wamemnyanyasa binti yake."

"Mimi nilikuta anaongea na shetani."

"Triza, hicho hakikuwa cha joka. Cha joka anacho Ndindi. Hicho ni cha Ndindi. Ni cha baba yake marehemu."

"Kilikuwa na mkebe wa biskuti," Triza alisema polepole.

"Vyote vina mkebe wa biskuti," alisema Wandera, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikilisema hilo, alitaka kujipiga kofi.

Alikwenda mbio mpaka uwanjani. Akina mama walikuwa wanafagia. Kwenye majivu palikuwa na kanda za kaseti zilizoyeyuka, bangili, wigi nusu, na vitabu kadhaa vilivyobaki migongo tu. Alichokora kwa kijiti mpaka mama mmoja akamwuliza kama naye ana kitu cha kuleta. Alisema hapana. Alirudi nyumbani akiwa amemkasirikia Triza, Pasta, kiwanda cha biskuti, na mwalimu wake wa darasa la kwanza aliyemfundisha kukunja pembe za jalada. Kulikuwa na mtu mwingine wa kukasirikiwa, na huyo alimwacha wa mwisho kwa sababu alimjua.

Jumamosi alitoka kazini akapita kwa wauza vitabu wote wa Gikomba, akapekua gunia baada ya gunia. Alipata vitabu vya upishi, vya injini, Biblia za Kijerumani. Mama wa Funguo hakuwepo. Alipofika karakana, Ndindi alikuwa ameshafika. Hakuwa na kawaida ya kutangulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu ambacho hakijapigwa msasa, Joka Kipofu magotini, na alianza kuzungumza kabla Wandera hajasalimia.

"Kwa nini yule msichana hakumwambia joka kwamba milima imekwisha?"

Wandera alitafuta pa kuketi.

"Nimekereka usiku kucha," Ndindi alisema. "Anamwacha mzee wa watu aendelee kutembea kwa woga, na tambarare iko mbele ya miguu yake. Halafu nikafikiri, akimwambia, joka litaruka liende zake, na yeye atabaki peke yake na mguu wake. Mimi pia nisingemwambia. Nilimchukia, halafu nikaona mimi pia nisingemwambia." Akakipiga kile kitabu taratibu kwa kiganja. "Nilikosea, Wandera. Hiki ni kitabu."

Maneno hayo Wandera aliyangoja miaka. Aliyaota hata kazini, kati ya boksi na boksi. Sasa yalimfikia yakawa kama chai iliyosahauliwa sukari. Muoki alikuwa ameacha kufanya kazi, anatabasamu, anasubiri kusikia upande wa pili.

"Na changu?" Ndindi aliuliza. "Umekuja nacho?"

Wandera alimweleza. Hakuficha kitu, wala hakumtupia Triza mzigo wote, ingawa alitaka. Alieleza Nangila na mayowe yake, kalenda, kabati, yule mzee kwenye matope, uwanja. Khalayi aliyekuwa analeta chai aliiweka chini akaondoka bila neno lake la kawaida.

 Ndindi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kimechomwa kwa sababu ya joka," alisema.

"Ndiyo."

"Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa akikisoma Jumapili akitoka ibadani, bado amevaa tai."

Wandera alitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na majivu kwenye kucha. Aliomba radhi. Alisema atatafuta kingine, atatafuta mpaka akipate. Ndindi aliitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za mvua ya mbali.

"Ulikuwa umefika wapi?" aliuliza.

"Kwenye ngazi. Ana funguo mkononi. Kinu kinawaka."  Wandera alijua si wakati wake, alijua kabisa, lakini ilikuwa imemkaa kooni tangu jana, hata pale kwenye majivu. "Ndindi, alifungua?"

Ndindi aliinua uso.

"Nakuomba. Nimekosa, najua. Lakini alifungua au alihakikisha kufuli?"

"Kumbe umekisoma kweli," alisema Ndindi. Kwa nukta moja ilionekana kama atamwambia. Mdomo ulianza kufunguka. Kisha akaufunga, akaweka Joka Kipofu juu ya kiti, taratibu, akasimama kujifuta vumbi la mbao kwenye sketi. "Kitabu kimeungua. Mwisho wake haukuungua, kwa sababu baba aliuacha kwangu. Huo sitoi tena. Na wewe Jaji, nilikusimulia huyu akiwa hayupo, kwa hiyo nawe usimwambie."

Akaenda zake. Muoki alirudi kwenye randa.

Wandera alidhani ni hasira za wiki moja. Haikuwa hivyo. Ndindi aliendelea kuja, akaendelea kunywa chai, hata akamsamehe Triza, ambaye alikwenda mwenyewe Maringo na kuku wa kuomba msamaha wakaongea mpaka jioni. Aliazima vitabu vya majoka vya Wandera kimoja baada ya kingine, akavisifu, akavikosoa, akagombania falme ambazo zamani alizicheka. Lakini ukifika kwenye ile ngazi, aliinua kikombe akanywa. Wandera alimshika Muoki pembeni, akataka kuinunua siri hiyo kwa bia, kwa soda, kwa chochote.

"Buda, zii, haiwezekani," alisema Muoki. "Wazee wetu mimi na Ndindi wanatoka upande mmoja. Nikikwambia, mama yangu kule Machakos atajua kabla ya jioni."

Basi Wandera akabaki anajitungia. Siku akiwa na moyo mzuri, mama yule alishuka, akafungua, akamtoa mwanawe kwenye moshi. Siku msimamizi amemfokea, alishuka akajaribu kufuli, akapanda tena. Wakati mwingine alimsimulia Ndindi, akimchungulia usoni kuona ni mwisho upi utakaomgusa. Ndindi alisikiliza kwa adabu.

"Endelea kutafuta kwenye magunia," alimwambia.

Alitafuta. Miezi ikapita, Mama wa Funguo hakutokea Gikomba, lakini siku moja, chini ya rundo la majarida, alitoa kitabu kinene kilichomfanya apige kelele kidogo. Ilikuwa sehemu ya pili ya Joka Kipofu. Hakujua kama ipo. Alikimaliza kwa siku mbili, akalia kwenye kurasa za mwisho, na alipokifunga akajua Ndindi atakitaka zaidi ya chakula.

Wazo lilimjia hapo hapo, na lilikuwa tamu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimelegea kwenye gundi. Kuzivuta ni kazi ya vidole viwili tu. Amwazime, amwache asome mpaka msichana amesimama tena ukingoni, kisha amwambie, mwisho uko kwangu, tubadilishane. Alizishika zile kurasa. Alikaa nazo hivyo muda mrefu, na hasira ya miezi yote ilikuwa pale kwenye ncha za vidole.

Kisha akaondoka kwenda kutafuta gundi. Alizibandika vizuri, akabonyeza mgongo wa kitabu kwa goti mpaka ukashika, akatoa kalenda ya mwaka ule akakivika. Safari hii aliandika jina la kitabu juu ya ule mkebe wa biskuti, kwa herufi kubwa. Jumamosi alikipeleka karakana, akampa Ndindi mkononi, na kilikuwa na kurasa zake zote.